Kofia Iliyochukuliwa na Chamchela

Kaskazi ikikaza na mvua ikasahaulika, uwanja ulio nyuma ya mtaa wetu, Mji wa Kale, huwa vumbi tupu. Mchana jua likiwa kali chamchela huinuka hapo, ikajizungusha na kubeba karatasi na majani makavu, halafu ikafa yenyewe. Watu wetu huipisha. Unasimama, unapiga bismillahi, na ikikunyang'anya kitu hukifuati, maana wasioonekana ndio wanaopita humo.

Hakuna aliyeishika adabu hiyo kama babangu. Alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu wa makaratasi na mihuri, lakini kwa chamchela hakuwa na mzaha. Tulipokuwa wadogo ilitubebea mpira wa nailoni, tukaukimbilia, naye akatupigia kelele kutoka barazani tuiache: "Iwateni! Wenyewe wanapita!" Nilimwona mwoga, na nikaendelea kumcheka hadi nikawa mtu mzima.

Mwaka jana mamangu alifariki. Aliacha kofia aliyokuwa akimshonea baba kwa mkono. Upande mmoja vitobo vimekamilika, wa pili bado alama za kalamu. Baba akaivaa vivyo hivyo. Mimi, kwa kuona haya mbele za watu, nikamwambia nitampa fundi aimalizie. Siku mbili hakunisemesha.

Siku moja baada ya adhuhuri tulikuwa tukikata uwanja huo, nampeleka kupimwa macho. Chamchela ikatukuta katikati. Nilisimama, nikafumba macho, nikapiga bismillahi kama nilivyofunzwa. Nilipofumbua macho, kofia ilikuwa juu ya vichwa vyetu ikizunguka na taka, na baba alikuwa anakimbia. Mzee wa miaka sabini na kitu, kanzu kaikunja magotini, kiatu kimoja kimebaki nyuma.

Kofia ilielekea barabarani. Nilimfikia ukingoni, nikamkamata kanzu kwa nyuma mpaka ikachanika mshono. Lori likatupita hapo hapo puani.

Tuliitafuta kwenye mitaro, chini ya vibanda, hata wenye tuktuk wakashuka kutusaidia. Hatukuipata. Baba alikuwa amekasirika, hataki kunitazama.

"Ungeniwata niifuate," akasema.

"Na mimi, baba, nimfuate nani?"