Goti la Mjomba Hadi

Mjomba wangu Hadi hakuwa mtu wa makeke. Kutwa alikaa barazani pake, Ndia Kuu ya Mombasa, miguu ameikunja, akishona kanzu za watu. Ukimsalimia, alikuitikia na sindano mdomoni. Lakini mpe baiskeli umwone! Alikuwa nayo moja kuukuu, na akiipanda hata kuku wa mtaani walijua pa kujificha.

Mwaka ule wa 1911 alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Sheikhan, kumtaka binti yake Zubeida. Jibu lilikuwa halijaja. Masika yakaisha, ndia zikakauka, vijana wakatangaza mashindano ya kwanza ya baiskeli ya mwaka: kutoka Ngomeni hadi Kilindini, na kurudi. Mtaa wetu ukamtoa Mjomba. Mzee Sheikhan aliposikia, akaja na bakora yake mpaka barazani.

"Hadi, wale wenzio nimewaona wakijinoa. Vikaptula! Magoti nje, mbele ya wake za watu!"

"Mimi nitavaa kanzu, mzee wangu."

"Vaa utakacho. Lakini siku hiyo nikiliona goti lako, posa yako njoo uitwae."

Basi Mjomba akajishonea kanzu ya peke yake, pana, yenye vigwe vya kufungia pindo kwenye vifundo vya miguu. Kikoi cha ndani alikiacha, kwa kuwa kingembana asiweze kukanyaga. Ndani akavaa suruali fupi tu, nayo haikufika magotini.

Siku yenyewe nilikuwa kwao Zubeida, pale Ngomeni, dirisha la ghorofani, mimi na yeye na nyanyake, Bibi Nabiha. Mstari wa mwisho ulichorwa kwa chokaa karibu na mlango wao. Mzee Sheikhan alisimama papo hapo mstarini. Vidole vya Zubeida vilikuwa vimenishika mkono mpaka ukafa ganzi.

"Yuwaja! Yuwaja!"

Watatu wakachomoza kwenye kona. Mbele Haroon, mtoto wa mwenye duka la nguo, baiskeli mpya inameta. Nyuma yake Kalama wa Kibokoni, msukuma toroli za abiria, mapaja kama nguzo. Wa tatu Mjomba, kanzu imejaa upepo, amefura kama jogoo.

"Yule wa nyuma ni mtu au chandarua?" akauliza Bibi Nabiha.

"Ndiye Hadi, bibi!"

"Haya, chandarua, kaza mwendo!"

Na chandarua kikakaza! Mjomba aliinuka kwenye kiti, akainama mpaka kidevu kikagusa usukani. Akamfikia Kalama. Mtaa mzima ukawa sauti moja. Haroon akageuza shingo kutazama nyuma, na hapo hapo gurudumu lake likaingia kwenye reli ya toroli iliyopita ndiani. Akaruka peke yake, baiskeli ikabaki. Kalama akamvaa, wote wawili chini, chuma juu ya chuma. Mjomba akapita ubavuni mwao, upana wa kiganja!

Sasa yuko peke yake. Nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga.

Kigwe kikakatika.

Nilikiona kikining'inia, kisha pindo likaingia kwenye mnyororo, baiskeli ikasimama kama iliyogota ukuta, na Mjomba akaanguka hatua chache tu kutoka kwenye chokaa. Kanzu ilikuwa imeliwa na mnyororo mpaka kiunoni. Kwa mkono mmoja alikamata kitambaa kilichobaki, akajifunika magoti. Watu wakapiga kelele:

"Ichane! Ichane, uvuke!"

"Kalama ameinuka, ewe!"

Kweli, Kalama alikuwa amepanda tena, usukani umepinda, yuwaja upande upande kama kaa. Mjomba akautazama mstari. Akamtazama Mzee Sheikhan. Kisha akakaa pale pale, kitambaa amekibana. Hakuondoka.

Kitu kikanipita usoni. Leso! Zubeida alikuwa ameivua mabegani, akaitupa dirishani, mwenyewe akajirudisha kizani. Ikashuka imetanda, ikamwangukia Mjomba kichwani.

Hakuuliza ya nani. Alijifunga kiunoni, akaichana kanzu kwa meno, akaitweka baiskeli begani na kukimbia. Kalama huyo kando yake, anakanyaga, anatukana usukani. Wakavuka pamoja, wakaangukiana, na hata leo Kibokoni na kwetu hatujaafikiana ni nani aliyetangulia.

"Mwari! Mwari katoka nje!" vijana wakamcheka, jinsi alivyovaa leso ya kike. Mzee Sheikhan akainua bakora, wakanyamaza. Alikuwa akiikodolea macho leso. Aliinunua mwenyewe, Idi iliyopita.

"Hii leso ya nani?"

"Yangu!" akajibu Bibi Nabiha kutoka juu.

"Mama, yako umejifunga."

"Basi na wewe umeliona goti?"

Mzee alimtazama Mjomba kutoka miguuni, vumbi na damu, hadi pale leso ilipoishia, chini ya magoti. Zubeida alikuwa amejiziba uso kwa viganja. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

"Goti sikuliona," akasema Mzee Sheikhan. "Nilisema goti, na neno langu ni hilo. Leso ifue, Hadi. Kisha uirudishe kwangu. Usiitume kwa mtoto, wala usipitie uani. Uje na wazee wako, kwa mlango wa mbele."