Dizeli Kwenye Tangi la Urea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi na beseni la dizeli, nikaambiwa nioshe boliti. Boliti tu, kutwa nzima. Yadi ilikuwa pembeni mwa Waiyaki Way, hatua chache kutoka Kangemi, na msimamizi wa gereji wakati huo alikuwa mtu mkali sana. Jioni alizipitia boliti zangu kwa kidole, akakuta uchafu kwenye meno ya moja. "Hii ukirudisha hivi kwa injini utaua mtu barabarani," akaniambia. "Rudia zote." Nilimchukia. Baadaye nilikuja kumpenda, na nikiwalinganisha naye mabosi waliomfuata, naona wengi wao walikuwa wavaa tai tu.

Nilibaki kwenye kampuni hiyo mpaka nilipostaafu. Nilipelekwa Karen tulipokuwa tukibeba kokoto za kujengea maduka, nikapelekwa Upper Hill maghorofa ya ofisi yalipokuwa yakipanda, halafu nikarudishwa yadini nikiwa fundi mkuu. Nimefungua injini za zamani, zile ulizokuwa unazisikiliza kwa kuweka bisibisi sikioni, na nimefungua hizi za leo zisizokuambia kitu mpaka uchomeke kompyuta.

Nyinyi vijana mmezikuta hizi za leo, lakini wengi wenu hamjui lile tangi dogo lenye kifuniko cha buluu ni la nini. Ni la maji ya urea, ambayo madereva huyaita adibluu. Maji hayo hayaingii kwenye injini. Hunyunyizwa ndani ya ekzosi ili sumu ya moshi ipungue kabla haujatoka nje. Hayataki vumbi, hayataki maji ya mfereji, na zaidi ya yote hayataki dizeli. Dizeli kidogo ikiingia humo, mipira ya pampu hufura na kuharibika.

Likitokea hilo, usiwashe gari, hata kwa kulisogeza tu. Likiwa limezimwa, uchafu unabaki tangini. Unamwaga kila kitu, unasuuza tangi kwa maji yasiyo na chumvi, unabadilisha chujio, unajaza urea mpya, na kabla ya chakula cha mchana lori limeondoka. Lakini ukiliwasha, pampu inavuta ile dizeli mpaka kwenye mabomba na pua ya kunyunyizia. Hapo mfumo wote ni wa kutupa.

Sasa niwaambie ya Wanyonyi. Pampu ya pipa letu la urea ilikuwa imeharibika, na ofisi haikutaka kununua nyingine. Tukawa tunajaza kwa mitungi. Mtungi wa urea tuliufunga kitambaa chekundu kwenye mkono, ili usichanganywe na ile ya dizeli, na kila mtu yadini alijua hivyo. Kila mtu isipokuwa meneja wa usafiri. Yeye alikaa Karen, na stima zikipotea huko alimtuma mtu achukue dizeli ya jenereta ya nyumbani kwake, kwa mtungi wowote uliokuwa karibu, hata ule wa kitambaa. Nililalamika. Mtu wa stoo akaniambia, "Fundi, hiyo ni ya bosi. Wachana nayo."

Jumatatu moja asubuhi Wanyonyi alinijia akiwa ameshika ufunguo mkononi. Alikuwa dereva mpole kutoka upande wa Bungoma, aliyepanga chumba Kangemi na mke na watoto, na mshahara ule ndio uliowalisha wote.

"Fundi, sijawasha," akasema. "Kuna mafuta inaelea kwa adibluu. Iko na rangi rangi."

"Umejaza na mtungi gani?"

"Ile ya kitambaa. Nimeinusa sasa, ilikuwa na dizeli chini."

Moyo wangu ulijaa fahari. Mimi ndiye niliyewafundisha madereva: ukiona kasoro, sema. Lakini yadi ile ilikuwa na sheria yake, kwamba kosa ni la mwenye ufunguo. Dereva mwingine angenyamaza, akapiga safari yake, akamwachia mwenzake wa zamu ya pili lile balaa. Wanyonyi alisema.

Nilikuwa nimeshalala chini ya lori na spana mkononi, meneja alipofika.

"Hii gari inafanya nini hapa? Kokoto zinangojwa Upper Hill."

"Bosi, tangi la urea liko na dizeli. Tukiliwasha tumeharibu kila kitu. Nipe hadi saa tano."

"Mafuta kidogo hivyo? Wanyonyi, leta key."

Wanyonyi alinitazama, kisha akampa. Nilitoka chini ya lori mbio. Meneja alipanda mwenyewe, akaliwasha, injini ikanguruma vizuri. "Si mnaona?" akasema akishuka. "Nyinyi mnapenda kuogopa. Wanyonyi, enda!"

Lori halikufika Westlands. Taa ziliwaka zote, nguvu zikaisha, likarudi yadini likivutwa.

Kikao kilifanyika makao makuu, Upper Hill, mbele ya mkuu wa wafanyakazi, mama mwenye sauti ya taratibu. Meneja aliketi kando yake. Niliitwa kama fundi, nikasema yote: jenereta, mtungi, na nani aliyewasha. Wanyonyi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Asante sana, mzee," yule mama akasema. "Lakini mambo ya jenereta si ajenda ya leo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alimimina?"

"Wanyonyi, lakini—"

"Asante, mzee. Inatosha."

Wanyonyi alifutwa siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwa mkurugenzi, akanishauri nifikirie kustaafu kwangu kulikokuwa kumekaribia. Tangu hapo hakuna dereva aliyeniletea habari ya kasoro yoyote. Malori yalinijia yakiwa maiti, na ningewalaumu vipi? Siku ya kuniaga, meneja yule yule alihutubia juu ya uaminifu kazini, watu wakapiga makofi. Mimi nilikula keki nikiwa na uchungu rohoni, na uchungu huo haujaniisha.

Juzi nilikwenda soko la Kangemi kununua sukuma wiki, nikamkuta Wanyonyi akipakua magunia ya viazi. Amekonda. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza hali ya mama watoto.

"Fundi, ile lori ilipona?"

"Walibadilisha mfumo wote. Inatembea."

Alishusha pumzi. "Nashukuru Mungu. Hiyo kitu hunisumbua sana. Ningeangalia mtungi kabla nimwage, singewaingiza hasara. Na vile mlikuwa mmeniamini."

Hasira ilinipanda pale katikati ya watu. "Wanyonyi, nisikilize. Halikuwa kosa lako. Ni meneja. Ni yeye!"

"Sawa, Fundi," akanijibu kwa upole, vile tunavyowajibu wazee wanapojaribu kutufariji, akainama kuchukua gunia jingine.