Walioanza Sentensi Upya

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Mtoto wa kijiji cha Mtua, ambaye baba yake ana mikorosho ya kuhesabu kwa vidole, ataiweza wapi stashahada ya kilimo? Niliimaliza nikarudi nayo. Leo nina duka la pembejeo Nachingwea mjini na nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna aliyenisaidia. Niseme vizuri: watu wanne walinikopesha ada. Mengine yote nimeyafanya mwenyewe.

Nilichokuwa sikijui ni jinsi watu watakavyozungumza nami. Jirani niliyecheza naye mpira wa makaratasi alikuja kununua salfa ya kupulizia mikorosho. Alianza, "Mwaka huu umetukaba..." Akaanza upya. "Yaani, bei imepanda, bwana shamba." Nilitamani aimalize ile sentensi ya kwanza. Ningemtukana kidogo kama zamani, tukacheka. Alilipa, akashukuru, akaondoka na mfuko wake. Wote dukani huzungumza hivyo: neno linatoka, linarudishwa, linakuja lingine lililopigwa pasi.

Mama mdogo wangu wa Malolo, kule Ruangwa, hakuwa hivyo. Aliuza ufuta wake wote nikalipa ada ya muhula wa mwisho. Alikuwa akinipigia simu: "We kenge, hela yangu imeota mizizi huko kwako?" Nilikuwa napanda pikipiki hadi kwake kwenda kuomba muda, ingawa simu ingetosha. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa ugali na kisamvu, akasema shati langu ni la bwana harusi aliyekimbiwa. Nililala vizuri siku hizo.

Msimu uliopita nilikuwa na uwezo wa kumlipa. Sikumlipa.

Mwaka huu alisema anataka kuezeka bati kabla ya mvua. Kisingizio cha kuomba muda kiliishia hapo. Wale wengine watatu walionikopesha niliwatumia hela zao kwa simu asubuhi moja. Yake nilimpelekea mkononi. Alihesabu mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga. Nilibaki nimenyoosha miguu mkekani, nikisubiri utani wake.

"We kenge, hebu kunja hiyo miguu..." Akainuka. "Samahani, bwana shamba. Hapo umekaa vibaya, ngoja nikuletee kiti."

Nilimwambia mkeka unanitosha. Alikuwa ameshavuka uwanja, anakwenda kukiazima kwa jirani.