Ofisi Ilitaka Kusikia Ukame

Malori matatu ya marobota ya nyasi za msaada yalipita langoni kwa Merle Tranter bila hata kupunguza mwendo, yakaenda kwa jirani yake, Clive Haddow. Kondoo mia mbili wa Merle, ndio pekee waliobaki katika kundi aliloachiwa na baba yake, walikuwa wamelala vumbini, na wiki wasingeimaliza.

Akapiga simu ofisi ya kilimo. Afisa akafungua faili.

"Mama, mwezi jana nilikuuliza hali ya shamba. Ukasema pakavu kidogo."

"Nilisema. Sasa?"

"Basi nikaandika pakavu. Nyasi ni za wenye ukame. Bwana Haddow yeye alisema ukame."

Clive, aliyehamia juzi tu kutoka mjini! Watu wa huku hawatamki neno hilo. Mto ukauke, samaki waozee topeni, ukiulizwa unasema pakavu kidogo, na mwenzako anaelewa. Baba yake Merle aliwahi kuwapiga risasi kondoo elfu moja waliokuwa wakifa njaa, kwa siku mbili, akaingia baa, akasema hivyo hivyo. Wenzake wakamsogezea bia kimya kimya. Anayelialia shida alionekana hana haya.

"Hivi nyie mnashindwa kuja kuona kwa macho?" Merle akauliza. "Mnakaa huko kwenye viyoyozi mnatupigia simu."

"Mama, mimi naandika ninachoambiwa. Nitajie tu neno lenyewe, Jumatatu unaletewa."

Merle alimchukia afisa, akamchukia Clive, na kwa mara ya kwanza maishani akamchukia baba yake. Dirishani aliona kondoo jike akijaribu kuinuka kwa magoti, akaanguka.

"Ukame," akasema.

"Sikusikia vizuri, mama."

"Nimesema ukame. Haya, andika. Andika kondoo wanakulana manyoya migongoni. Andika wana-kondoo sitini nimewachinja kwa mkono huu ili mama zao wapone, na mama zao wakanifuata hadi mlangoni wakiwalilia. Umeandika?"

Upande wa pili kalamu ilikwaruza kidogo, ikaacha.

"Pole sana, mama," afisa akasema. "Kwenye fomu kuna nafasi ya neno moja tu."