Tutamukamata Kikorongo

Jumatano, Julai 2018. Mvua ilinyesha Bwera mpaka saa nne asubuhi, kisha jua likatoka kana kwamba halikuhusika.

Naandika haya kwa kujihadhari, maana niliachia shule darasa la saba, na mambo yote yalitokana na neno moja la Kiswahili ambalo mpaka leo sina hakika nalo.

Sisi wachuuzi wa soko la mpakani tulikuwa na grupu ya simu, na admini nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa, nilikuwa wa kwanza kununua simu ya tachi. Wiki ile ubishi ulikuwa juu ya kodi mpya ya mitandao. Wengine waliitetea, wengine waliitukana wakiwa wamejificha kwenye VPN ili wasiilipe. Askari mstaafu anayeuza viatu, tunayemwita Afande, aliandika kwamba mwenye VPN ni muasi. Baadaye akauliza inawekwaje.

Katikati ya hayo mama wa vitunguu, Mkongomani wa Butembo aliyehamia kwetu, akaandika: "Mwenyekiti tutamukamata kesho Kikorongo, saa mbili. Tuko bane ndani ya gari. Asitoke pale."

Watu wanne na gari: grupu nzima ikaacha habari ya kodi. Kwetu wilaya ya Kasese, miaka ile, kukamatwa halikuwa neno la kuchezea. Mwenyekiti wa soko, aliyekuwa kwake Muhokya, jirani na Kikorongo, akajitoa kwenye grupu na kuzima simu. Afande akauliza oda imetoka wapi. Wengine wakaanza kuniandikia pembeni: mtoe huyo mama. Mmoja alitaka Wakongo wote watolewe, ila kwa haki niseme kwamba na yeye anauza vitunguu.

Kumtoa halikuwa jambo dogo. Habari za mpaka kufungwa tulizipata mle tu. Asiyezipata angekwama upande wa pili, mzigo wake ukioza. Nilijua hivyo, na nikamtoa. Niliogopa. Mke wangu nilimwambia kidole kiliteleza.

Saa tatu baadaye nikaona si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza, ingawa nilikuwa nimeshamhukumu. Nikampigia.

"Mama, mwenyekiti mlitaka kumkamata na nini?"

"Na lori, papa. Ile ya vitunguu. Nafasi ya mbele iko."

"Mumpeleke wapi?"

"Si ku mukutano ya soko, hapa Bwera? Ye mwenyewe alilomba lifti." Kisha akauliza: "Ninyi munakamataka batu na nini?"

Kwao kukamata ni kuchukua tu. Unakamata chai mezani, unakamata mtoto shuleni. Sisi neno hilo tulifundishwa na wanajeshi. Nani mwenye Kiswahili sahihi, sijui; kama ni mimi, basi hali ni mbaya.

Nikaona kwa kuwa alikaa nje bila kosa, na mimi nijitoe, kisha nijirudishe pamoja naye, tulingane. Sikujua kwamba admini akiwa mmoja tu, akitoka, simu inachagua mwingine yenyewe. Ilimchagua Afande.

Ikabidi niende kwenye meza yake ya viatu kumwombea yule mama. Alinisikiliza akiwa anapiga kiatu rangi. Nikaeleza chai, nikaeleza mtoto wa shule.

"Kukamata na lori," akasema.

"Ndiyo, Afande."

"Na mutu mwenyewe aliomba."

"Aliomba."

Alifikiri mpaka kiatu cha pili kikamalizika. "Basi hiyo si kukamata. Hiyo ni transipoti." Akafuta mikono, akachukua simu, akamrudisha pale pale. Nikamkumbusha kwamba mimi pia niko nje.

"Wewe ulitoka kwa miguu yako," akasema. "Ngoja nje kwanza."

Nikarudi nyumbani. Jioni mke wangu akauliza kama mwenyekiti amekubali kupanda lile lori. Nikamwambia sijui, amuulize mama wa vitunguu, yeye ndiye aliye ndani. Tukala bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, na samaki wadogo waliobaki mchana.