Itikafu Yangu ya Uongo

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile najifunika uso kwa kofia nikiwa peke yangu! Mji wetu wote wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, unaniita Sheikh Mamaa, na jina hilo nililitafuta mwenyewe, kwa uongo mmoja tu.

Kazi yangu ni mota, yaani pikipiki, nabeba abiria. Korodani moja ilianza kuniuma kidogo, halafu ikavimba, halafu kila shimo la barabara likawa linanipiga mpaka kwenye meno, na nilimwambia nani? Hakuna. (Mwanaume mzima, baba wa watoto wawili, ukaseme nini?) Kilichonitisha zaidi ni kitandani. Nilijaribu mara moja, maumivu yakanigeuza ukutani, na tangu hapo mke wangu Zainabu akinisogelea najifanya nimelala. Moyoni nikasema basi, uanaume umekwisha. Yeye moyoni akasema kuna mwanamke mji wa jirani, Mocímboa. Wiki ya tatu nikamkuta anapanga nguo zake kwenye begi.

"Baba Saidi, miye narudi kwa mama. Unakoshiba, kaa huko huko."

Hapo ndipo nilipolikoroga. Badala ya kusema naumwa, nikajibu: "Sina mtu, mke wangu! Nina nadhiri. Tulipokuwa ukimbizini wakati wa vita nilimwahidi Mungu tukirudi salama nitakaa itikafu siku kumi." Na itikafu mnaijua wenyewe, mtu unahamia msikitini, mke humgusi. Nikajiona nina akili kweli! Zainabu akalia, akaniomba msamaha, akazirudisha nguo kabatini.

Basi nikahamia msikitini. Mama mkwe analeta wali wa nazi na pweza, ananisifu mtaa mzima, wazee wananiombea dua, na mimi kadiri ninavyosifiwa ndivyo ninavyovimba. Siku ya tano imamu akaenda mazikoni Mbau. Adhuhuri ilipofika, Mzee Bakari, mwadhini wetu, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Mwanangu, weye ndiye unayeshinda hapa na Mola wako. Tuswalishe."

Nikakataa, wakadhani ni unyenyekevu! Wakanibandika maikrofoni kwenye kola ya kanzu. Rakaa ya kwanza niliimaliza kwa kuuma meno. Ya pili, nilipokaa kwa tahiyatu, nikabana pabaya, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yangu mpaka sokoni: "Mamaaa! Nakufa!" na kile kinachouma nikakitaja kwa jina lake la mtaani, mara mbili (hapa siliandiki).

Mzee Bakari akasogea mbele akamalizia swala, mimi nimejikunja pembeni nasikia watu wanavyozuia vicheko. Salamu imetolewa tu, Zainabu huyo mlangoni, mikono imejaa unga wa samaki anaokaanga sokoni, anahema.

"Baba Saidi! Kumbe unaumwa?"

"Naumwa, mama Saidi."

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne hii."

"Kwa hiyo mwanamke hakuna?"

"Mwanamke gani, na hata kukaa siwezi!"

"Alhamdulillahi!" akasema, akapiga kigelegele pale pale mlangoni, na wanaume wote wakamkodolea macho mke anayeshangilia mumewe kuumwa. Nilifurahi jamani, nikalia na kucheka kwa pamoja!

Akanipakia kwenye mota ya mwenzangu, nimekaa upande kama bibi harusi, tukakatiza katikati ya soko. Sipitali, enfermeiro, muuguzi wa pale, akanipima, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoingia kwenye mrija wa korodani, siyo mwisho wa uanaume, ila kuchelewa kungeweza kuniharibu. Tukapewa dawa wote wawili, tusije tukaambukizana, na furaha ya nyumbani ikarudi (mengine si yenu).

Mficha maradhi kilio humuumbua, na changu kilipita kwenye kipaza sauti. Mungu nimemwomba msamaha, na nimeapa: kikiniuma chochote, juu au chini, wa kwanza kujua ni Zainabu.

Tangu siku ile wanaume wanne wamenijia kwa siri, wakininong'oneza niwapeleke kwa yule enfermeiro. Wa nne alikuwa Mzee Bakari. Sikumuuliza kitu, nikawasha mota, na yeye akapanda akakaa upande kabla sijamwambia.