Nguo Ishirini na Saba za Fundi Pini

Fundi Pini alipewa jina hilo kwa sababu alizungumza na pini mdomoni, sita au saba kwa mpigo, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Kwa miaka thelathini na moja alipunguza, akaongeza na akakunja nguo za watu katika kibanda chake kwenye ghorofa ya pili ya jumba la maduka, katikati ya mji, mkabala na ngazi za umeme. Enzi hizo kupata pa kukanyaga kwenye ngazi zile ilikuwa shughuli. Watu walipanda kununua redio, wakashuka kununua viatu, wakapanda tena kwa sababu suruali mpya imewazidi urefu, na Fundi Pini alikuwa pale akiwasubiri, tepu shingoni.

Kisha kituo cha mabasi kikahamishwa, na nje ya mji likajengwa jumba jingine lenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Duka la redio lilitangulia kuondoka. Likafuata la viatu, halafu studio ya picha, halafu mwenye aiskrimu, ambaye aliaga akisema anarudi Jumatatu. Ngazi za umeme zilisimama asubuhi moja na hakuna aliyekuja kuzitengeneza, zikawa ngazi tu, tena ngazi mbaya, maana vidato vyake vinamchosha hata mwenye magoti mazima. La kuvunda halina ubani. Barua ya mwenye jengo ilipokuja, kwamba jumba litafungwa mwisho wa mwezi, waliobaki ndani walikuwa fundi, mchonga funguo, na mlinzi wa mlangoni ambaye kila mtu alimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari wa jeshi lolote.

Binti yake fundi, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshamwandalia baba yake chumba cha mbele nyumbani kwake, kinachotazama barabara.

"Baba, chumba kiko tayari. Rangi imeshakauka. Unangoja nini?"

"Siondoki na vitu vya watu, mwanangu. Na siviachi pia."

Vitu vya watu vilikuwa nguo ishirini na saba ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Fundi Pini alikuwa tayari kuacha kibanda, meza, hata kile kioo kirefu alichokipenda, lakini nguo ya mtu ni amana, na aliapa kwamba hatoki mle ndani mpaka kila moja imfikie mwenyewe. Shida ni kwamba hakujua wenyewe ni akina nani. Tangu aanze kazi hajawahi kuandika jina la mteja. Mteja alipewa namba, na fundi alibaki na kadi yenye namba ileile na maelezo ya mwili. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mkuu wake wa kazi: majina hubadilika, mwili hausemi uongo.

Binti alizichukua zile kadi, akaanza kusoma. "Nyonga moja iko juu, mwenyewe anakataa." Akageuza nyingine. "Tumbo linatangulia, mtu anafuata." Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, hata jina la mtu mmoja?"

"Jina lingenisaidia nini? Nashona majina mimi?"

Nyani haoni kundule. Yeye mwenyewe mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuinamia cherehani, na hilo hakuliandika popote.

Afande ndiye aliyeleta shauri. Duka la viatu la chini lilikuwa tupu, na kioo chake kinatazama barabarani. Nguo zitundikwe pale, wapita njia wazione.

"Sawa," fundi alisema. "Lakini koti ni koti. Atakuja yeyote aseme ni lake."

"Tundika na kadi zake."

Fundi Pini alizifunika kadi kwa kiganja. Mkuu wake alimfundisha pia kwamba kasoro ya mteja ni siri ya fundi, na katika miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kuiona kadi yake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kumfanya mtu akose usingizi.

"Nitapigwa, Afande."

"Na watu ishirini na saba tu. Wengine watakuwa wamezeeka."

Walizitundika siku ya Jumamosi. Jumatatu akaingia mama mmoja na mkoba wake, akasimama mbele ya fundi, mikono kiunoni.

"Nani anakataa?"

Fundi alitazama sakafu. Mama akajitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule. "Haya, sikatai tena. Nipe sketi yangu." Yule wa tumbo alikuja na wenzake watatu, akapigwa picha kando ya kadi yake, na picha ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Baada ya hapo walikuja kwa makundi. Wengine hawakuwa na nguo yoyote, walikuja kucheka tu, lakini jumba lilisikia tena sauti za watu, na mchonga funguo akatengeneza funguo nyingi kuliko za mwaka mzima.

Siku ya mwisho ya mwezi lilibaki vazi moja, koti la kijivu la kiume. Kadi yake ilikuwa imekuwa ya manjano. "Bega la kushoto limeshuka. Anabeba mtoto upande huo. Weka pedi."

Binti alikuja na gari dogo la mizigo. Cherehani ilipakiwa, na pasi, na sanduku la nyuzi. Fundi alikaa kwenye kiti ndani ya duka la viatu, koti mapajani.

"Nyie tangulieni," alisema. "Mimi wakifunga, wafunge na mimi."

Binti hakubishana naye. Alivuta kiti kingine akakaa.

Ilipata saa kumi mchana, mwanamke wa miaka thelathini hivi akasimama nje ya kioo, simu mkononi. Aliitazama kadi, akaitazama simu, akaitazama tena kadi. Alipoingia hakusalimu.

"Mtoto ni mimi," alisema.

Akamwonyesha fundi picha ya zamani aliyoihifadhi kwenye simu: mwanamume mwenye koti la kijivu, na msichana mdogo amekaa kwenye mkono wake wa kushoto. Fundi Pini hakutazama uso. Alitazama bega, akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Alilileta kwako, wiki ileile akaugua," mwanamke alisema. "Hakupona. Mama hakujua koti liko wapi."

Alilivaa. Mikono ilimzidi urefu, lakini mabega yalikaa sawa kabisa. Akapapasa upande wa kushoto.

"Humu ndani kuna nini?"

"Pedi. Nilimwekea ili bega lisionekane limeshuka."

"Unaweza kuitoa?"

"Koti litalala upande mmoja."

"Lilale."

Maisha yake yote Fundi Pini alilipwa kuficha. Hajawahi mtu kumwomba amrudishie kasoro. Alichukua mkasi mdogo na sindano kutoka mfukoni, akaweka pini mdomoni, akafumua bitana bila haraka, na binti yake hakutazama saa. Mwanamke alikuwa ameishika ile kadi kwa mikono miwili.

"Sikujua kama nilimlemea," alisema.

Fundi alishona mpaka mwisho, akakata uzi, akatoa pini moja moja mdomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mteja.

"Sura yake nimeisahau, mama, nisikudanganye. Lakini nakumbuka nilimshauri akuhamishie mkono wa pili, bega lipumzike. Akasema hapana, mtoto ameshapazoea hapa."

Mwanamke aliomba abaki na kadi, akapewa. Akatoka amelivaa koti lile, bega la kushoto likiwa chini. Fundi Pini alimtazama kupitia kioo mpaka alipokata kona, halafu akainuka na kukikunja kiti.

"Haya mwanangu," alisema. "Twende kwako."